Ndege na Msemo katika Nembo ya Liverpool

Nembo ya mji wa Liverpool, iliyotolewa rasmi mwaka 1797, hujulikana zaidi kwa ndege wake: mnandi mwenye mwani mdomoni, mwani ambao jina lake la Kiingereza linakaribiana na jina la mji. Hudhaniwa kwamba katika muhuri wa kale ndege huyo alikuwa tai wa Yohane Mwinjilisti, akageuka mnandi mikononi mwa wachoraji wasio hodari. Neptunus na Triton wanaoishikilia ngao ni pambo la kawaida la bandari.

Uzito umo katika msemo wa Kilatini ulio chini, ambao unamshukuru Mungu kwa raha aliyowapa wenyeji. Umetwaliwa katika shairi la kwanza la wachungaji la Vergilius. Humo msemaji ni Tityrus, aliyeachiwa malisho yake. Anayemsikiliza ni Meliboeus, aliyenyang'anywa ardhi, naye yumo njiani kwenda uhamishoni pamoja na mbuzi wake. Nembo imemtwaa msemaji, ikamwacha msikilizaji.

Mwaka huo wa 1797 Liverpool ilikuwa bandari kuu ya Uingereza kwa biashara ya watumwa, ambayo sheria iliipiga marufuku mwaka 1807. Meli zake zilichukua watu hata katika pwani ya Loango, kaskazini ya mlango wa mto Kongo. Tena mungu anayeshukuriwa na Tityrus si Muumba: ni kijana mwenye mamlaka huko Roma, ambaye wafafanuzi tangu kale humtambua kuwa ni Octavianus.