Kifunguliwe Mbele Yangu

Mama alinipa sharti moja nilipohamia hosteli za Chuo Kikuu cha Dodoma: soda ifunguliwe mbele yako. Pombe hakuitaja, maana kwake binti yake hakunywa. Alitaja soda. Ikija mezani imeshafunguliwa, irudishe hata kama umelipa. Ukienda msalani, ukirudi usiiguse tena. Nilimcheka. Leo nimevuka miaka thelathini na sina rafiki wa kike ambaye hakupewa sharti hilo na mama, shangazi au dada yake.

Nililikumbuka mwezi uliopita pale Ilazo, kwenye mojawapo ya zile launji zilizoota Dodoma tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia huku kwa kweli. Rafiki yangu alikuwa amepanda cheo wizarani, tukaenda kumpongeza. Menyu ilikuwa na ukurasa mzima wa kokteli: Mojito, Margarita, Cosmopolitan, na ile maarufu yenye jina la mambo ya ufukweni, katika mji ambao ufukwe wake wa karibu ni kingo za bwawa la Hombolo. Glasi zikaja zimejaa, nyekundu chini, rangi ya chungwa juu, kipande cha nanasi ukingoni. Tukazipiga picha. Picha zilipotosha, rafiki yangu akaniinamia na kuuliza kwa sauti ya chini, “Wewe umemwona akichanganya?”

Sikuwa nimemwona. Kaunta ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia upya kokteli zote nilizowahi kuziona kwenye filamu, video na simu za watu. Kwa kawaida tunazijadili kama suala la ushamba na ujanja: nani anajua kutamka jina, nani kalipa elfu ishirini kwa barafu. Nadhani tunakosea pa kuanzia. Kokteli ni habari ya kuaminiana. Bia ina kizibo. Konyagi ina mfuniko, na desturi ya baa zetu ni kwamba mhudumu anauvunja ukimtazama, kisha unajichanganyia mwenyewe: Konyagi kidogo, tonic nyingi, ndimu. Hata kiroba, kabla hakijapigwa marufuku Machi 2017, kilikuwa na heshima hiyo moja: ulikikata kwa meno yako. Kokteli haina kizibo. Inakuja imeshafunguliwa, kwa lugha ya mama yangu.

Lugha yenyewe inatuonyesha tunavyoogopa mchanganyiko. Tuna neno kuchakachua, lililovuma enzi za petroli iliyotiwa mafuta ya taa, na halina maana nzuri hata moja. Mlevi wa siku nyingi atakuonya usichanganye. Tena kokteli ya kwanza niliyoijua mimi haikuwa na pombe. Ilikuwa juisi ya tabaka karibu na soko la Majengo: parachichi chini, embe katikati, pasheni juu. Tuliinywa bila wasiwasi kwa sababu blenda ilikuwa mezani, na embe lilimenywa tukiliona.

Wenzetu waliotuuzia picha ya kokteli walilijua hili. Katika riwaya ya Ian Fleming ya mwaka 1953, Casino Royale, James Bond hamwambii mhudumu amletee kitu kizuri. Anamtajia vipimo: jini kiasi gani, vodka kiasi gani, Kina Lillet kiasi gani, kitikiswe mpaka kipoe sana, kitiwe ganda jembamba la limau. Wasomaji wengi huona umaridadi hapo. Mimi namwona mtu mwenye maadui. Filamu ya 2006 inalithibitisha hilo bila huruma: Bond yuleyule, mezani pa karata, anakunywa glasi iliyotiwa sumu nyuma ya mgongo wake, anapepesuka mpaka kwenye gari, moyo unasimama. Na kile kinywaji alichokitungia vipimo alikipa jina la mwanamke, Vesper, ambaye mwishoni anagundulika kuwa alimsaliti. Hadithi nzima imeingia kwenye glasi moja: utamwamini nani?

Hata Cocktail ya 1988, filamu ambayo wahakiki waliiponda, ina jambo moja la kweli. Tom Cruise anarusha chupa hewani, anazidaka, anamimina kutoka juu, na umati unashangilia. Mbwembwe tupu, ndiyo. Lakini kila tone linamiminwa mbele ya macho ya mnywaji. Kwenye Sex and the City, kuanzia 1998 hadi 2004, Cosmopolitan ilikuwa mkononi mwa wanawake wanne wenye kazi zao, waliokaa pamoja na kulindana.

Sasa njoo kwenye video zetu za Bongo Fleva. Mgawanyo wa vyombo haubadiliki. Mwanamume anashika chupa, ikiwezekana ile inayoletwa na fataki. Mwanamke amekaa kando ya bwawa la kuogelea, ameshika glasi yenye mwavuli mdogo. Glasi imetoka wapi? Kamera haijali. Hakuna mkono unaoonekana ukimimina, hakuna kaunta. Tumechukua glasi ya akina Carrie, pochi yao na mashoga zao tukawaacha huko huko Marekani. Madee alipoimba “Pombe Yangu” alilalamikia kinywaji kilichomwagwa; hakuwa na haja ya kuuliza kilikuwa na nini ndani. Anayeshikishwa kinywaji asichoweza kukikagua ni yuleyule aliyeonywa na mama yake. Na picha hiyo imehama kutoka kwenye video hadi kwenye simu zetu. Siku ile Ilazo tuliiga kila kitu, mpaka kuinamisha glasi ielekee mwanga.

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Nairobi, kwenye mgahawa wa Carnivore uliofunguliwa 1980, kuna kokteli inayoitwa Dawa: vodka, ndimu, sukari, barafu na kijiti kilichoviringishiwa asali. Inafanana na caipirinha ya Brazili, ila imepewa asali na jina la kwetu. Mhudumu hupita mezani na sinia lake na kuchanganya hapohapo mbele yako, kisha kijiti unakoroga mwenyewe, utamu uupime wewe. Leo utaikuta Dawa kwenye hoteli za Zanzibar, na watalii wanaijua kuliko wanavyojua maneno yetu mengi.

Lakini mwambie mama yangu kwamba umekunywa dawa baa, uone uso wake. Kwa Kiswahili, dawa huponya, na dawa huwekwa. “Aliwekewa dawa” ni sentensi tunayoifahamu sote, na kwa kawaida inafuatiwa na kituo cha polisi, hospitali, au kimya cha familia. Ndiyo maana naona kokteli ya Nairobi ilikuwa na akili kuliko ilivyokusudia. Imechukua neno lenye sura mbili, ikalileta mezani, ikasema: tazama ninachotia.

Rafiki mmoja aliposoma rasimu ya makala haya alinipinga. Kizibo nacho hughushiwa, alisema. Pombe bandia hufungwa vizuri kuliko halisi. Na ukiendelea kuwatisha wanawake, utawarudisha nyumbani saa kumi na mbili jioni huku wenye makosa wakibaki kaunta. Ana haki kwa yote mawili. Kizibo si uaminifu. Ni mbadala wa uaminifu, tulioushika baada ya kuacha kumjua anayetuuzia.

Kwa maana huku uwanda wa kati watu walikunywa vitu visivyo na kizibo miaka mingi sana. Bibi yangu, Mvumi, alipika pombe ya mtama. Mgeni akifika, bibi alichota kwenye kata, akanywa yeye kwanza, ndipo akampa. Hakuna aliyeona ni mbwembwe. Na zabibu za Dodoma, tunazojivunia kwamba huvunwa mara mbili kwa mwaka, tuliletewa na wamisionari Wakatoliki, waliozipanda Bihawana mwishoni mwa miaka ya 1950. Nasema hili kwa heshima: mtoto wa Kikatoliki wa Dodoma, divai iliyochanganywa ameiona altareni kabla ya kuiona baa. Padre humimina divai, huongeza tone la maji, wote wakitazama, na yeye ndiye hunywa kwanza.

Nilirudi Ilazo wiki mbili baadaye, nikaenda kukaa kaunta kwenyewe. Mvinyo wa Dodoma ulikuwa rafu ya chini, nyuma ya chupa za kutoka Afrika Kusini. Nikamuuliza kijana wa kaunta kama kuna kokteli yoyote anayoitengeneza nao. Akasema hapana, huo unauzwa kwa chupa tu, wateja hawajawahi kuuulizia. Nikamuuliza kama ana ukwaju. Jikoni upo, akasema, wa juisi. Asali? Ipo.

Alichukua muda. Akamimina mvinyo mwekundu, akaongeza ukwaju, akaikoroga asali na maji ya moto kidogo ili ilegee, akatia barafu na kutikisa. Haikuwa na tabaka wala nanasi. Ilikuwa na rangi ya udongo wetu baada ya mvua. Kabla ya kunisogezea, alichovya mrija, akaziba tundu la juu kwa kidole, akauinua na kudondoshea ulimini mwake.

“Napima sukari tu, dada,” aliniambia alipoona namkodolea macho.

Nikamtumia ujumbe rafiki yangu wa wizarani aje aonje. Akafika na begi la ofisi bado begani, akaitazama glasi, asiiguse.

“Nani kachanganya?”

Kijana akainua mkono.