Kumsifu Mnyoosha Bodi

Ukambani tumezoea kumsifu mchongaji. Vinyago vyetu vinajulikana mbali, na jina la Mutisya Munge wa Wamunyu limeingia vitabuni. Lakini katika vibanda vya jua kali vya Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi kuna ufundi ambao naamini ni mgumu zaidi, na haujapata hata robo ya sifa hizo: kunyoosha na kupaka rangi bodi ya gari la zamani lililopondeka. Mchongaji huondoa asichokihitaji. Mnyoosha bodi hana cha kuondoa. Bati lote lililokunjamana lazima lirudi mahali pake, na likizidi kwa upana wa ukucha, mlango haufungi. Nasema thamani ya gari lililofufuliwa iko chini ya rangi, na anayelinyoosha ana elimu sawa na ya fundi wa injini, hata kama hakuna aliyemwandikia cheti.

Tuchukue Peugeot 504, gari lililobeba abiria na mizigo Kenya nzima na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, baada ya kaka yake 404 kushinda mara nne kati ya 1963 na 1968. Madigadi yake imegongwa. Asiyejua huona bonde moja, akakimbilia kugonga penye kina. Fundi huanza kwingine. Anajua kwamba bati lilipobonyea, matuta yaliinuka pembezoni, na kwenye mikunjo ya matuta hayo chuma kimekuwa kigumu kuliko kilivyokuwa. Sehemu kubwa ya bonde haijaharibika, imeshikiliwa tu. Hupitisha kiganja polepole, pengine amefumba macho, akitafuta mkunjo uliotokea mwisho. Huo ndio anaoulegeza kwanza, nyundo ikiwa nje na doli, kipande cha chuma cha kuegemeza bati, imeshikiliwa ndani. Mkunjo ukiachia, bonde huinuka karibu lenyewe. Palipotanuka hupashwa moto wa gesi hadi pawe pekundu, pakagongwa, kisha pakapozwa kwa kitambaa chenye maji ili bati lijikaze. Ajali nzima imesomwa kinyumenyume, kutoka pigo la mwisho hadi la kwanza. Anayeweza kusoma hivyo si kibarua wa nyundo.

Kuna pia elimu ya mahali. Magari ya huku hayaliwi na chumvi ya bahari kama ya Mombasa, na wengi hudhani kwa hiyo hayaozi. Lakini vumbi la murram na mchanga wa mito mikavu, kama Tiva na Thua, hupenya chini ya milango na ndani ya mabati ya pembeni, vikaziba matundu ya kutolea maji. Mvua za Novemba zikifika, uchafu huo hushika unyevu na kutu hula kutoka ndani, huku nje bado panang'aa. Fundi wa Ukambani hutoboa na kukagua huko kabla ya kugusa kitu kingine. Rangi nayo ina saa zake. Ikipulizwa adhuhuri hukauka kabla haijatandaa, ikabaki na vipele. Upepo ukiinuka, vumbi hujipaka pamoja nayo. Ndiyo maana mafundi makini hunyunyiza maji chini na kupuliza asubuhi na mapema. Kabla ya hapo hupitisha ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya praima, yaani rangi ya msingi, wakapiga msasa uliofungwa kwenye ubao: weusi ukibaki pana bonde, bati likichungulia pana tuta. Hurudia hadi weusi uishe sawasawa. Uvumilivu huo mteja hataona alama yake hata moja, nami nauheshimu kwa sababu hiyo.

Wapo watakaosema fila, ule udongo wa kujazia mabonde, humaliza yote haya kwa siku moja na kwa bei nafuu. Fila haina kosa ikiwa ya milimita mbili tatu. Ikirundikwa nene, barabara mbovu huitikisa na jua huipasua, na mwenye gari hulipa mara mbili. Wengine watasema ufundi huu huficha ajali na kuwadanganya wanunuzi. Kweli, wapo wanaodanganya, lakini sumaku iliyofungwa kitambaa huanguka penye fila nene, ilhali bati lililonyooshwa huishika. Kazi halali haikimbii kukaguliwa. Pingamizi linalonigusa zaidi ni kwamba kufufua magari ya zamani ni anasa katika kaunti zenye kiu ya maji. Lakini mkono uliojifunza kwenye 504 ndio utakaonyoosha ambulensi na pikapu ya mkulima wa maembe. Zaidi ya hayo, kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Bodi ya zamani ikitupwa, nyingine haiji kirahisi.

Gharama nisiyoweza kuitetea ni mapafu ya fundi. Rangi za kuchanganywa na kigumishi hutoa sumu ambayo kitambaa cha puani hakiizuii, na mteja anayedai mng'ao anapaswa kulipia pia barakoa yenye vichujio. Kisha kuna suala la kurithisha. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kitui na Makueni zinaweza kuweka madigadi moja iliyopondeka kwenye meza ya kila chuo, na kumwajiri mzee wa jua kali akae kando yake, alipwe mshahara wa mwalimu.