Forest of Bliss: Wenye Mji Wamefungwa Mdomo

Mhadhiri anayefungua somo la Uhindu kwa Forest of Bliss anawapa wanafunzi wake moshi. Nimeshasema hivyo na nitasema tena, mpaka filamu hiyo ya 1986 ishushwe kutoka juu ya orodha za vyuo.

Kwa asiyeiona: Robert Gardner anatuonyesha Banaras, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganga, India, alfajiri hadi alfajiri. Mlio wa makasia, mizani ya kuni, maua ya manjano: kazi ya fundi, sibishi.

Tuje kwenye kosa. Ndani ya dakika 90 watu wanaongea, tena sana. Mganga Mithai Lal anashuka ngazi kwenda Ganga huku akiguna na kuomba. Dom Raja, ambaye ukoo wake ndio wenye moto wa kuchomea maiti, naye anaongea. Gardner hakuweka msimulizi; hilo namsamehe, maana wasimulizi wameua picha nyingi. Lakini hakuweka hata mstari mmoja wa tafsiri chini ya picha. Asiyejua Kihindi anaambulia sauti tu, sawa na anavyosikia mbwa wa pale ufukoni.

Angeamua kuyakataa maneno yote, ningenyamaza. Hakuyakataa. Kwenye kioo yanatokea maneno ya Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, kwa Kiingereza cha Yeats, mshairi wa Ireland ambaye hakuwahi kukanyaga India. Hapo ndipo damu inanichemka. Andiko la kale limepewa tafsiri, Dom Raja aliye hai amenyimwa. Mwanafunzi anaondoka akiamini Uhindu uko kitabuni, na hawa wa ngazini ni mandhari.

Watetezi wanasema ukimya unamlazimisha mtu kutazama. Atazame nini? Anamwona mbwa akitafuna maiti, anahitimisha. Kwamba kwa waumini kufa Banaras ni kupata moksha, yaani ukombozi wa roho, na kwamba wapo wanaosafiri makusudi wakafie pale, hilo kamera haiwezi kulisema peke yake. Jonathan Parry, aliyetafiti mazishi ya mji huohuo, alionya mwaka 1988 kuhusu hatari hii ya mtazamaji kuachwa bila maelezo. Hakusikilizwa.

Na Gardner njia ya kueleza aliijua! Altar of Fire ya 1976, aliyoifanya na msomi Frits Staal, inawaonyesha Wabrahmini Wanambudiri wa Panjal, Kerala, katika siku 12 za Agnichayana, tambiko la kale la moto, wakijenga madhabahu ya matofali yenye umbo la ndege. Tunaelezwa hata kwamba mbuzi wa sadaka wamebadilishwa kwa unga wa mchele uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Ndiyo, tambiko lile la 1975 lilipata msukumo na fedha za wasomi waliotaka kulirekodi. Lakini Staal unaweza kubishana naye, kwa sababu amesema kitu. Hata Lufufu wetu, aliyekuwa akitusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwenye mabanda ya video, pamoja na chumvi zake zote, hakumwacha mtazamaji atoke bila kujua nani mama wa nani.

Kisha mwaka 2001 Gardner na mtayarishaji mwenzake, mwanaanthropolojia Ákos Östör, wakatoa kitabu kizima cha mazungumzo, wakiipitia filamu ileile na kueleza tunachokiona. Maelezo yaliyokosa nafasi chini ya picha yakapata nafasi dukani.