Wimbo wa Mtoto na Masikio ya Jjajja

Mpwa wangu ana umri wa miaka minne na anaishi na mama yake Kawempe, hapa Kampala. Nyumbani wanazungumza Kiganda. Shuleni anafundishwa kwa Kiingereza. Siku moja nilimkuta ameketi mkekani akihesabu kwa Kiswahili, moja hadi kumi, kwa sauti ya kuimba. Mimi ninayekisomea Kiswahili chuoni sikuwa nimemfundisha hata neno moja. Alikuwa ameyapata maneno hayo kwenye katuni ya Akili and Me.

Tangu siku hiyo nimezisikiliza nyimbo za kipindi hicho kama mhakiki, si kama mjomba tu. Swali langu ni hili: wimbo wa watoto tuupime kwa kipimo gani?

Akili and Me hutengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, ambalo lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014 na kuongeza Akili and Me mwaka 2016 kwa ajili ya watoto wadogo zaidi. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Usiku akilala, husafiri ndotoni hadi Lala Land, na huko hujifunza herufi na namba pamoja na rafiki zake wanyama.

Kwa upande wa fani, nyimbo hizi zina nguvu. Maneno ni machache, matamshi ni wazi, na takriri inafanya kazi yake bila kuchosha. Kwa upande wa maudhui, mtoto anakutana na mazingira anayoyajua. Linganisha na nyimbo za Kiingereza za chekechea zinazomwimbisha mtoto wa Kawempe habari za theluji. Linganisha pia na muziki wa kawaida wa mjini. Mwaka 2014 watoto wa Ghetto Kids walijulikana duniani kwa kucheza Sitya Loss wa Eddy Kenzo, na hadi leo miguu ya watoto wetu inaufurahia. Lakini huo ni wimbo wa watu wazima ambao watoto waliuchangamkia. Nyimbo za Akili zimetungwa kwa kumfikiria mtoto tangu neno la kwanza.

Hata hivyo, naona kasoro moja kubwa. Sauti zote zimo ndani ya skrini. Anayeuliza yumo humo, anayejibu yumo humo, na anayecheza yumo humo. Nyimbo zetu za michezo haziko hivyo. Ukuti wa watoto wa pwani hauchezwi na mtu mmoja. Lazima mshikane mikono na kuzunguka. Watoto wa Kiganda nao wana mchezo wa kukaa wamenyoosha miguu, mmoja akiigusa mguu baada ya mguu huku akiimba. Wimbo wa aina hiyo haukamiliki bila mwenzako. Wimbo wa skrini umekamilika hata kama mtoto amelala.

Katika nyumba yetu, aliyeachwa nje ya wimbo huo alikuwa Jjajja, mama wa mama yetu. Aliposikia Kiswahili sebuleni kwa mara ya kwanza, alisema kizimwe. Sikushangaa. Mwaka 1973 Idi Amin alitoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, na kwa watu wengi wa rika la Jjajja lugha hii ilibaki kuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Niliposhangilia uamuzi huo, Jjajja aliondoka akaenda kumenya matooke.

Jioni moja umeme ulikatika. Mtoto akaendelea kuimba gizani namba zake. Jjajja, labda kwa kutaka kumtuliza, alinyoosha miguu akaanza ule mchezo wa kuhesabu miguu. Mtoto akaweka namba zake za Kiswahili juu ya mchezo wa Jjajja. Moja, mbili, tatu. Alipofika tano, Jjajja akasema, "Ttaano! Hiyo si yetu?" Wakaanza tena: mbili na bbiri, tatu na ssatu, nne na nnya. Kwenye sita alikwama, kwa sababu Kiganda husema mukaaga; sita, saba na tisa Kiswahili kilizipokea kutoka Kiarabu. Lakini nane aliitambua, kwa kuwa yeye husema munaana, na kumi ikamchekesha kabisa. Kkumi ni kkumi.

Mihadhara yangu yote kuhusu undugu wa lugha za Kibantu haijawahi kumfikia Jjajja. Wimbo wa namba ulimfikia, ila haukumfikia kupitia skrini. Ulimfikia pale skrini ilipozimika na nafasi yake ikapatikana.

Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza: wimbo mzuri wa watoto na familia ni ule unaoweza kuendelea baada ya umeme kukatika, na wenye nafasi ya mtu wa rika jingine kuingia. Kwa kipimo hiki, nyimbo za Akili zimefaulu nusu. Zinabebeka kichwani, lakini haziachi pumziko la mtu wa nyumbani kujibu. Watunzi wangeweza kuliacha bila gharama yoyote.

Nusu nyingine ni deni letu, wanafunzi wa Kiswahili wa Kampala. Tunaandika insha nyingi kuhusu kwa nini Waganda hawakipendi Kiswahili. Ni wangapi kati yetu wametunga wimbo mmoja wa Kiswahili wa kunyoosha miguu, unaoanza na maneno ambayo Jjajja tayari anayo?

Jjajja bado hasemi Kiswahili. Ila sasa mtoto akianza kuhesabu, yeye husubiri tano.