Wingu la Rungwe na waya uliojificha chini ya kitanda

Hiace iliingia Tukuyu mwezi Aprili ikitokea Dodoma. Viti vilikuwa vimetolewa na nyuma kumewekwa kitanda, friji ndogo ya volti 12, pampu ya maji na taa. Chini ya kitanda zilikaa betri mbili za maji, kila moja ya ampia-saa 100, zimeungwa sambamba. Juu ya paa kulikuwa na paneli ya sola ya wati 200. Mwenye gari, mzee mstaafu anayezunguka nchi na mkewe, alikuwa ameishi nalo Dodoma na Singida kwa miezi bila usumbufu. Rungwe mambo yakabadilika: friji ikaanza kuzima usiku wa manane. Wakateremka Kyela na kupanda tena, injini ikivuta mlima kwa gia ndogo, na bado jioni betri zilikuwa hoi. Alipofika gereji alikuwa ameshaulizia bei ya betri mpya Mbeya.

“Mzee, hizi tusizizike kwanza,” fundi alimwambia. “Tuangalie chakula kinawafikiaje.”

Nataka kueleza alivyofanya, kwa sababu betri nyingi zinatupwa nchini wakati chanzo cha kosa si zenyewe. Betri mpya ikifungwa kwenye njia ileile ya umeme hufuata ya zamani kaburini, na mwenye gari anabaki kulaumu duka.

Swali la kwanza halikuhusu gari kabisa. Kwa nini Dodoma ilikuwa sawa na Tukuyu si sawa? Dodoma hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, na jua lake ni la uhakika. Paneli ya wati 200 pale huweza kuingiza ampia-saa 60 hadi 70 kwa siku. Friji hii na matumizi mengine madogo vinakula kama 45. Salio linabaki. Miinuko ya Rungwe ni habari nyingine: sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili wingu hulala juu ya mlima, juu ya chai na migomba, kuanzia asubuhi. Chini ya wingu zito paneli hutoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Fundi alipopima saa nne asubuhi alikuta ampia 2 na kitu. Saa saba wingu lilipoachia kidogo, zikaruka hadi 10. Kwa hiyo paneli ilikuwa nzima, na tatizo la sola lilikuwa hali ya hewa tu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Gari hili lina njia mbili za kuchaji: sola, na altaneta ya injini. Njia ya pili ilikuwa mbovu tangu zamani, labda tangu siku ilipofungwa, na jua la Dodoma lilikuwa likiibeba. Tukuyu haikuua kitu, iliondoa mficha-siri. Ndiyo maana ile safari ya Kyela ilikuwa ushahidi mzuri kuliko wote. Injini iliyopanda kutoka kando ya Ziwa Nyasa hadi Tukuyu, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, ilizungusha altaneta kwa kasi muda wote. Kama chaji ya betri za nyuma haikuongezeka, umeme ulikuwa ukiishia njiani.

Kabla ya kupima alichomoa sola ili isimchanganye, na alianza na waya za paneli ndipo akagusa za betri. Mpangilio huo ni muhimu, kwani kontrola nyingi za sola huharibika zikiachwa na paneli bila betri. Akawasha injini, akaacha friji na taa zikifanya kazi. Tesa ya volti kwenye betri ya stata: volti 14.2. Altaneta nzima. Tesa kwenye betri za nyuma: 12.9. Mita ya kubana waya ilionyesha ampia 12 zikielekea nyuma, na 4 kati ya hizo zilimezwa na friji.

Betri ya risasi haijai kwa volti 12.9. Inahitaji kupita 14 na kushikiliwa hapo kwa saa kadhaa; kwa baridi ya Tukuyu inataka hata zaidi kidogo. Chini ya hapo inapokea kiasi, inapanda hadi kulingana na kinachoingia, kisha inagoma. Kwa hiyo volti 1.3 zilizopotea kati ya mbele na nyuma ndizo zilizokuwa ugonjwa. Kilichobaki ni kujua zimepotelea wapi.

Mafundi wengi hapa hupima kwa kugusa moto na eathi kila mahali. Njia hiyo huonyesha kwamba umeme upo, haionyeshi unapotelea wapi. Huyu aliweka ncha zote mbili za tesa kwenye waya mmoja, mwanzo na mwisho wa kila kipande, huku umeme ukipita. Kipande kizima husoma karibu na sifuri. Rilei inayounga betri ya mbele na za nyuma: volti 0.05, haina neno. Waya chanya wa milimita 6 za mraba, mita 5: karibu 0.18. Kikalio cha fyuzi: 0.45! Akakishika na kuachia haraka; kilikuwa cha moto, plastiki imegeuka rangi ya chai, na ndani shaba imeota kutu ya kijani. Hapo peke yake zilikuwa zikiteketea zaidi ya wati 5, zinageuka joto karibu na godoro. Watu wamechomewa magari kwa vitu vidogo kama hivyo.

Mwisho akapima upande ambao wengi huusahau, upande hasi. Kutoka kichwa hasi cha betri za nyuma hadi kichwa hasi cha betri ya stata: volti 0.6. Aliyefunga alikuwa ametoboa sakafu na kukaza boliti juu ya rangi, akitegemea bodi ya gari irudishe umeme. Maji ya barabarani yaliingia chini, kutu ikatambaa, na boliti ikabaki imekaza vizuri ila haigusi chuma safi. Kwa macho usingeona kosa. Jumlisha vipande hivyo vinne na hesabu inafunga: volti 1.28.

Matengenezo yenyewe yalichukua mchana mmoja. Waya wa milimita 16 za mraba kwenda, mwingine wa unene uleule kurudi hadi kwenye betri ya stata bila kutegemea bodi, na fyuzi za ampia 60 karibu na betri za kila upande. Fyuzi hulinda waya, na waya huu una betri kila mwisho. Ukikatika ukagusa chuma popote, umeme utakuja kutoka pande zote mbili. Injini ilipowashwa tena, ampia 30 zilikwenda nyuma na volti zikasoma 13.7. Hazikufika 14 papo hapo, na hilo ni sahihi: betri zenye njaa huvuta mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa hula volti hata kwenye waya mnene. Zinavyoshiba, mkondo hupungua na volti hupanda zenyewe.

Dawa hii inafaa gari la zamani kama hilo. Magari mengi mapya yana altaneta inayoongozwa na kompyuta, ambayo hushusha volti kwa makusudi ili kuokoa mafuta; huko waya mnene hautoshi, inatakiwa chaja ya kuchukua umeme wa gari na kuupandisha. Betri za lithiamu nazo zinaihitaji, kwa sababu zinaweza kuvuta mkondo mwingi hadi zikaunguza altaneta.

Likabaki suala la betri zenyewe. Betri ya risasi inayokaa nusu tupu kwa wiki nyingi huota chumvi ngumu kwenye bamba zake, na uwezo unaopotea hivyo ni nadra kurudi wote. Maji yalikuwa yamepungua. Mama, mke wa mzee, akauliza kama maji ya mvua yanafaa, maana Tukuyu hayakosi. Fundi akakataa, kwani yanashuka na uchafu wa bati, na akatumia maji ya betri ya dukani. Chaja ya umeme wa TANESCO ikalala nazo usiku kucha hadi asubuhi. Baada ya kupumzika zilisoma 12.6. Akaziunga na balbu mbili za taa kubwa za wati 55, zinazokula kama ampia 9, zikawaka kwa saa 8. Ni ampia-saa 72. Betri za ampia-saa 200 zikiwa nzima zingepumzika kwenye 12.4 hivi. Hizi zilipumzika kwenye 12.1, yaani zilizotumika ni zaidi ya nusu, na uwezo uliobaki ni kama ampia-saa 130. Theluthi moja imekwenda na ile boliti.

Kwa matumizi ya 45 kwa siku, 130 bado zinavusha siku nzima bila jua. Mzee hakununua betri. Alinunua tesa, fundi akamwonyesha mahali pa kuweka ncha zake, na gari likaondoka kuelekea Matema.