Gumba la George Mukabi

Anayetaka kujifunza omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, asianze na vidole. Aanze na chupa. Katika rekodi za George Mukabi, mpigaji gitaa kavu kutoka Kisa, magharibi mwa Kenya, pembeni yake husikika chupa ya soda ikigongwa toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, bila madoido. Kazi yake ni moja: kutunza mwendo. Kwa kuwa mwendo una mlinzi, gitaa linapata ruhusa ya kutangulia, kuchelewa, hata kukatiza.

Ruhusa hiyo ilitumiwa na gumba. Mpigaji wa kawaida huliachia gumba nyuzi nene na kulitaka litembee sawasawa, pigo kwa pigo. La Mukabi linaruka. Linadonoa besi pale ambapo sikio halikuitegemea, kisha linanyamaza pale lilipotarajiwa. Juu yake kidole cha shahada kinachezea nyuzi nyembamba, mara kikifuata sauti ya mwimbaji, mara kikimjibu. Mimi humo naisikia isukuti, ngoma za Waluhya zipigwazo tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, ila hapa zimegawiwa kwa vidole na chupa.

Msikilizaji wa Kerende, huko kwa Wakurya, hatapata taabu kuelewa, kwani litungu la Kikurya nalo humtaka mtu mmoja aimbe huku akijipigia. Tofauti iko mkono wa kushoto. Litungu lina nyuzi nane, na kila uzi una sauti yake uliyotegewa. Gitaa lina sita tu, lakini vidole vikibana shingoni, uzi mmoja unatoa sauti nyingi. Ndiyo maana Mukabi aliweza kuhamisha besi bila kuacha wimbo.

Mwenda Jean Bosco, mpigaji gitaa wa Kongo ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, naye alijulikana kwa kupiga kwa gumba na shahada. Bosco ni laini zaidi, na wengi humpenda kwa hilo. Nikiulizwa nani anachezesha, nitamtaja Mukabi.

Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba dakika tatu hivi kila upande, basi hakuna pa kuzembea: gitaa linafungua, beti zinaingia, gitaa linapewa nafasi yake, kwisha. Sikiliza “Sengula Nakupenda”. Vijana wa punk wa New York na London miaka ya 1970 walichagua ufupi kwa makusudi. Mukabi alipangiwa ufupi huo na santuri, akaugeuza kuwa mtindo.

Aliuawa mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru. Hakufika enzi ya bendi za gitaa za umeme zilizokuja kutawala Nairobi, hivyo hatujui gumba lile lingefanya nini mbele ya mpiga besi. Mwanawe, Johnstone Mukabi, ameendelea kupiga omutibo. Kwake mkono unaonekana. Kwenye santuri tunabahatisha tu ni uzi gani ulioguswa.