Msamaha Mmoja kwa Mambo Matatu: Istilahi za Magereza Zilivyopokelewa Hamugembe

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu ni rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa mtumishi wa gereza ambaye kazi yake ni kuzungumza na mfungwa, kumpangia kundi na ulinzi unaomfaa, na kumwandalia njia ya kurudi nyumbani siku zake zitakapotimia. Ofisi iliyoitafsiri hatutaitaja, kwa kuwa makosa yake ni makosa tunayoyakuta kila mahali, na baadhi yake tumepata kuyafanya sisi wenyewe. Kiswahili cha rasimu hiyo ni safi. Sarufi yake haina la kulaumiwa. Hata hivyo tumeirudisha kwa wenyewe, na yafaa tueleze sababu.

Haja ya mwongozo huo haina ubishi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na karatasi za gereza hazina budi kufuata. Sheria ya Magereza ni ya mwaka 1967, mwaka uleule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lakini vyombo hivyo viwili vimekua bila ya kusemezana sana. Lugha ya magereza imejikuza yenyewe vinywani mwa askari na wafungwa: nyampara, mahabusu, bwana jela. Maneno hayo ni hai, na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na yale yaliyoundwa ofisini.

Tulipokuwa Bukoba kwa shughuli nyingine tulichukua orodha ya istilahi za rasimu hiyo, tukaketi nayo jioni moja barazani kwa mwenyeji wetu katika kata ya Hamugembe. Walikuwapo mwalimu mstaafu, mama mmoja anayeuza ndizi sokoni, kijana mwendesha bodaboda, na mzee aliyepata kuwa askari wa magereza. Hatukuwaambia maana tunayoitaka. Tuliwasomea sentensi, tukawauliza wamesikia nini. Njia hii haina usomi mwingi, lakini twaipendekeza kwa kila mtafsiri, maana barua ya gereza haikomi kwa mkuu wa gereza. Husomwa na mtendaji wa kata, husomewa mama wa mfungwa, na hatimaye husimuliwa kwa majirani.

Neno la kwanza kuanguka lilikuwa cheo chenyewe. Rasimu inamwita mtumishi huyo “mshauri nasaha wa gereza”. Tuliposoma kwamba “mfungwa mpya atapelekwa kwa mshauri nasaha ndani ya juma la kwanza”, mama yule aliguna, akasema, “Masikini, kumbe ameathirika.” Mtafsiri aliyeketi mbali hataelewa jambo hili, lakini mtu wa Kagera ataelewa mara moja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na ni kwa njia ya ugonjwa huo kwamba maneno “ushauri nasaha” yaliingia kila nyumba, pamoja na chumba kidogo cha zahanati na majibu ya damu. Neno limekwisha pata makazi.

Lakini kuna kasoro kubwa kuliko hiyo, nayo mzee wa magereza ndiye aliyetuonyesha. Katika zahanati, alisema, ukimweleza mshauri jambo lako linabaki kwake. Gerezani ukimweleza ofisa jambo lako linaingia kwenye jalada. Huu ndio moyo wa shauri lote. Mtumishi anayeelezwa na mwongozo husikiliza, naam, lakini pia huandika, hupendekeza mfungwa awekwe wapi na chini ya ulinzi wa kiasi gani, na maandishi yake husomwa na wale wenye kuamua kama mtu huyo atoke mapema au abaki. Nasaha ni neno la mapenzi mema: ni neno la mzazi na la shehe. Kumvika mtumishi wa jalada vazi la nasaha ni kumwahidi mfungwa siri ambayo hatapewa. Atasema asiyopaswa kusema, kisha atashangaa kuyakuta mbele ya bodi. Sisi tumependekeza kazi hizo mbili zipewe majina mawili: “ofisa uainishaji” kwa yule anayepanga na kuandika, na “mshauri” pale tu ambapo mazungumzo ni ya siri kweli. Kama gereza halina mtu wa namna ya pili, basi na neno lake lisitumike. Nchini Marekani, ambako mwongozo wa asili umetoka, cheo kimoja chaweza kubeba yote hayo. Kwetu kazi hiyo imegawanyika kati ya mkuu wa gereza, ofisa ustawi wa jamii na bodi za parole, wala hakuna sababu ya kuyaunganisha kwa neno yale ambayo kazini yametengana.

Kuhusu uainishaji tutasema machache. Rasimu imewagawa wafungwa kwa “madaraja”, na “mfungwa wa daraja la kwanza” ni yule anayehitaji ulinzi mkali kupita wote. Kijana wa bodaboda alicheka. Kwa mtu wa Bukoba daraja la kwanza ni la meli ya Mwanza, mahali pa kulala wenye fedha. Aliona kwamba mfungwa huyo ni tajiri aliyetengewa chumba chake. Hapa dawa ni rahisi: tuseme “kiwango cha ulinzi”, kiwe kikali, cha kati au chepesi, na tuache kuhesabu kwa namba zisizosema ipi ni juu na ipi ni chini. Tena rasimu imechanganya kutenga na kuainisha. Kutenga ni kuwaweka mbalimbali wanawake na wanaume, watoto na watu wazima, mahabusu na waliokwisha hukumiwa. Hilo halitegemei maoni ya ofisa. Kuainisha ni kumpima mtu mmoja mmoja kwa historia yake, tabia yake na mahitaji yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa tarehe 17 Desemba 2015, zimeweka mambo hayo mawili mahali mbalimbali kati ya kanuni zake 122, na mtafsiri aliyezisoma asingeteleza. Kanuni hizohizo ndizo zilizomponza mahali pengine, pale alipoandika “matibabu ya wafungwa” kila asili iliposema namna ya kumlea mfungwa apate kubadilika. Mwalimu mstaafu alidhani gereza limejengewa hospitali. Neno “urekebishaji” lipo, linaeleweka, na chuo cha maafisa wa magereza cha Ukonga kimekwisha litia katika jina lake.

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tuandike makala haya.

Sentensi ya rasimu ilikuwa hii: “Mfungwa mwenye mwenendo mwema ataondoka kwa msamaha baada ya kutumikia theluthi mbili za kifungo chake.” Tulipomaliza kuisoma palikuwa kimya. Kisha mama yule aliuliza, “Nani amemsamehe? Sisi tulioibiwa hatukuulizwa.” Na kijana akaongeza kwamba ukisikia mtu ametoka kwa msamaha ujue ana mtu mkubwa.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyesamehe. Sheria humpunguzia mfungwa theluthi moja ya kifungo kwa mwenendo mwema na bidii ya kazi, isipokuwa wale ambao sheria imewatoa katika neema hiyo. Aliyehukumiwa miaka 9, asipopoteza siku zake kwa utovu wa nidhamu, hutoka baada ya miaka 6, na hesabu hiyo huanza tangu anapopokewa. Hakuna mtu mkubwa, hakuna barua, hakuna huruma. Ni hesabu. Lakini rasimu imetumia neno hilohilo la msamaha kwa jambo la pili, yaani uwezo wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977, ambao wananchi huujua kwa matangazo ya sikukuu, hasa ile ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba. Hapo neno limekaa mahali pake, na Katiba yenyewe imelitumia. Tena, katika sura ya mwisho, rasimu imelitumia kwa jambo la tatu: mfungwa wa muda mrefu anayeruhusiwa chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 kumalizia sehemu ya kifungo akiwa nyumbani, kwa masharti, na akiyavunja hurudishwa. Mtu huyo wa tatu bado ni mfungwa! Kumwita aliyesamehewa ni kumdanganya yeye, na kuwadanganya jirani zake zaidi.

Fikiri, msomaji, watu watatu wakiteremka Hamugembe juma moja, kila mmoja na karatasi iliyoandikwa msamaha. Mmoja amemaliza deni lake kama sheria ilivyolihesabu. Mmoja amefutiwa. Mmoja bado analipa. Mtendaji wa kata atawapokea kwa namna moja, na aliyeibiwa atawaangalia kwa jicho moja. Yule wa kwanza, ambaye hana wa kumshukuru wala wa kumwonea haya, ataishi mtaani kama mtu aliyependelewa. Yule wa tatu atakwenda Mwanza kutafuta kibarua bila ya kumwambia mtu, kwa kuwa karatasi yake imemwambia kwamba yu huru, na huko atakamatwa.

Mzee wa magereza alilitetea neno hilo. Alisema tangu ujana wake kazini walisema “msamaha wa theluthi”, na kila mfungwa alijua maana yake. Twamwamini. Ndani ya ukuta neno hilo halimpotezi mtu, kwani wote wamekwisha kupiga hesabu. Linapotoka nje ya ukuta ndipo linapoharibika, na mwongozo huu unahusu kutoka nje. Kwa hiyo tumependekeza “punguzo la kifungo”, na kitenzi “kupunguziwa”. Lina harufu ya dukani, tunakiri, lakini linasema kweli.

Kuhusu maandalizi yenyewe ya kurudi, rasimu inayaita “mpango wa kutoa wafungwa”, maneno yaliyowafanya wasikilizaji wetu wafikirie gereza linalopunguza msongamano. Lugha yetu ina mapatano mazuri kati ya kufunga na kufungua, na wazee hadi leo husema fulani amefunguliwa. Hata hivyo kazi inayoelezwa hapa ni zaidi ya kufungua mlango. “Maandalizi ya kurudi” yangetosha. Tena fomu yake inamtaka mfungwa aandike “anwani ya makazi”. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi katika mji wa Bukoba, na mtu aliyefungwa kabla ya siku ile aweza kuandika nyumba ambayo haipo tena. Fomu iulize “mpokezi” wake ni nani. Swali hilo lilijibiwa barazani bila ya kufafanuliwa.

Tulishauriwa na mwenzetu mmoja tufuate mfano wa Zanzibar, ambako gereza huitwa Chuo cha Mafunzo na mfungwa huitwa mwanafunzi. Ni jaribio la heshima, na yeyote ajuaye kwamba gereza lenyewe ni neno linalosemekana kutokana na neno la Kireno la kanisa hatashangaa kuona majina ya mahali hapa yakigeuka. Lakini katika mwongozo wa kazi tungeona taabu. Mwongozo huu una sura nzima juu ya wafungwa wanaosoma gerezani, na mwanafunzi asiye mwanafunzi angetuchosha kila ukurasa.

Limebaki neno parole, ambalo hatujalipatia jibu. Bodi ya Taifa ya Parole hulitumia lilivyo. Asili yake ni Kifaransa, nalo huko lina maana ya neno, yaani neno la ahadi mtu alilolitoa. “Dhamana” imekwisha chukuliwa na mahakama, “uangalizi” umechukuliwa na wale wasiopelekwa gerezani kabisa, na “kifungo cha nje” watu hukitumia kwa adhabu ya kuhudumia jamii. Mwalimu wa Hamugembe alipendekeza “kifungo cha ahadi”. Mzee alikataa, akisema kila mfungwa huahidi. Rasimu itarudi kwetu baada ya masahihisho, na msomaji mwenye neno bora tunamwomba atuandikie mapema.